New York Si Masaa 15, Acheni Kutudanganya

Wasee, hii kitu imenikaa kooni wiki nzima. Kuna aina ya video imejaa huku: mtu ameketi dirishani kwenye ndege, mawingu nyuma yake, anatuambia, “Nairobi mpaka New York ni masaa 15 tu. Kama hujawahi kutoka, ni uoga.”

Ati uoga!

Sawa, tuanze na hesabu, ndio mtu asiseme nina wivu. Kutoka JKIA hadi JFK ni kama kilomita 11,800. Kenya Airways ilianza kuruka huko moja kwa moja tarehe 28 Oktoba 2018. Kwenda ni kama masaa 15, kurudi kama 14, kwa sababu upepo mkali wa huko juu huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Ukienda unakuzuia, ukirudi unakusukuma. Na ukiona tiketi inasema unatoka usiku na kutua asubuhi, usidhani ni usiku mmoja wa kawaida. New York iko nyuma yetu kwa masaa 7 au 8, kulingana na msimu.

Hapo hatugombani. Ndani ya ndege sote tunakaa masaa yale yale, Mkenya kwa Mmarekani.

Shida ni kabla ya kupanda. Mmarekani akitaka kuja Nairobi, anajaza fomu ya eTA mtandaoni, analipa kama dola 30, anangoja jibu akiwa kwake. Hakuna mtu wa kumhoji. Mimi nikitaka kwenda kutembea tu kwake, ada ya kuomba viza ni dola 185, halafu nisimame mbele ya dirisha nimshawishi mtu nisiyemjua kwamba nitarudi nyumbani. Akikataa, pesa hairudi.

Dada yangu alipomaliza chuo upande ule, tulikaa mezani watu wanne: baba, mama, ndugu yangu mdogo na mimi. Tukapiga hesabu ya ada ya viza peke yake. Dola 740. Hiyo ni zaidi ya shilingi 95,000, kabla hata ya kuuliza nauli, na unaweza kuambiwa hapana. Baba akaweka simu chini akasema, “Tutamwona kwa video.” Na hivyo ndivyo tulivyomwona. Mama alivaa kitenge kipya, akaketi kwenye sofa, intaneti ikawa inakatika kila dada akitaka kusema kitu.

Sasa niambie, mama yangu ni mwoga?

Najua mtasema kila nchi ina haki ya kulinda mipaka yake. Ni kweli, na sijakataa. Wala sisemi watu wasiposti safari zao. Ukipata nafasi, enda, piga picha, furahi. Lakini usichukue bahati yako ukaigeuza kiboko cha kuchapia wenzako. Ukitaja masaa 15, taja pia dola 185, dirisha, na siku za kungoja.

Mtu akikuuliza New York ni mbali kiasi gani, usikimbilie kumtajia masaa. Muulize kwanza: una pasipoti ya wapi?