Ngoma ya Chuka haiuzwi dukani: programu ipi itamfaa kijana mwenye studio chumbani?

Huku kwetu Pwani, Meru na Embu huingia katika mazungumzo kwa mlango mmoja tu, nao ni gunia. Ni miraa au ni muguka. Mei 2024, kaunti za Mombasa, Kilifi na Taita Taveta zilipopiga marufuku muguka, na Mahakama Kuu ya Embu ikasimamisha amri za Mombasa na Kilifi, tulirushiana maneno kana kwamba watu wa kule hawana kingine cha kutuletea wala sisi hatuna cha kujifunza kwao. Leo naomba tuliweke gunia kando. Nataka kuzungumzia sauti.

Ndugu yangu ameoa Embu. Nilipokwenda kuwatembelea, mdogo wake shemeji alinipeleka chumbani kwake, akanionyesha studio yake: laptopu ya mitumba, kinanda kidogo cha kuchomeka, kipaza sauti kimoja, na blanketi ukutani la kuzuia mwangwi. Hapo ndipo anapotengeneza midundo ya waimbaji wa injili na ya vijana wanaoimba kwa Kiembu na Kimeru. Ameweka akiba ya shilingi 10,000. Akaniuliza, "Kaka, ninunue sampla gani?"

Kwa msomaji asiyeijua, sampla ni programu inayochukua sauti iliyorekodiwa, iwe ni pigo la ngoma au uzi wa gambusi, na kuiweka kwenye vibonye vya kinanda ili uipige upendavyo. Muziki mwingi tunaousikia redioni siku hizi umepita humo.

Kijana alikuwa amekwisha sikia jina kubwa: Kontakt, ya kampuni ya Native Instruments ya Ujerumani. Bei yake ya kawaida ni karibu dola 300. Kwa shilingi 130 kwa dola, hiyo ni kama shilingi 39,000, zaidi ya thamani ya laptopu yenyewe. Lipo toleo la bure, Kontakt Player, na wengi hukimbilia hilo. Lakini hapo ndipo penye kufuli. Toleo la bure hucheza kikamilifu makusanyo ya sauti yaliyopewa leseni na kampuni hiyo tu. Ukiliwekea mkusanyiko usio na leseni, pamoja na ule ulioutengeneza kwa mikono yako, litacheza kwa dakika 15 kisha linyamaze.

Dakika 15 hizo ndizo zilizonifanya niandike. Maana yake ni kwamba sauti ya okestra ya Ulaya itakaa katika laptopu ya Embu bila wasiwasi, lakini ngoma iliyopigwa Chuka, mwendo wa matatu moja kutoka hapo, itahesabiwa mgeni. Sisemi kampuni imefanya kosa; ni biashara yake na masharti yake yako wazi. Nasema kijana anayenunua aanze na swali hili: je, programu hii itaifungulia sauti yangu mwenyewe, leo na baada ya miaka kumi?

Ukiuliza hivyo, orodha inabadilika, na bei inashuka hadi sifuri. Ipo Decent Sampler, ya bure, inayofanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. Ipo sforzando ya kampuni ya Plogue, nayo ya bure, inayosoma faili za SFZ. Uzuri wa SFZ ni kwamba ni maandishi ya kawaida. Unaweza kuyaandika kwenye Notepad ukaeleza: faili hii iwe kwenye kibonye hiki, ilie mkono ukipiga polepole, ile ilie mkono ukipiga kwa nguvu. Programu ikifa kesho, maandishi yako na rekodi zako zinabaki, na programu nyingine itazisoma. Asiyependa kuandika atumie TX16Wx katika toleo lake la bure, ambamo unaburuta faili na kuzipanga kwa kutazama.

Sampla pekee haitoshi. Inahitaji programu kuu ya kurekodia. Reaper hutoa siku 60 za majaribio, na leseni yake ya mtu binafsi ni dola 60, kama shilingi 7,800 kabla ya kodi. Ndani yake mna sampla ndogo inayotosha kwa ngoma. FL Studio, inayopendwa na maprodyusa wetu, ina toleo la chini la dola 99, lakini toleo hilo halirekodi sauti. Kwa anayetaka kurekodi ngoma, hilo ni pengo kubwa. Malipo hayahitaji tena akaunti ya benki, kwani kadi ya mtandaoni ya M-Pesa hulipa ng'ambo.

Najua jibu la vijana wengi: ya nini kununua ilhali programu ya wizi iko kwenye flashi ya rafiki? Nami nilipita njia hiyo zamani. Nilipoteza kazi ya miezi mitatu, na fundi akaniambia virusi viliingia pamoja na "zawadi" ile. Sheria inakataza, ndiyo, lakini hata asiyeogopa sheria na aogope hasara. Tena siku hizi sababu ya kuiba imepungua. Cha bure kipo, ni halali, na kinafanya kazi.

Basi zile shilingi 10,000 ziende wapi? Nilimwambia: zipeleke Chuka.

Tulipanda matatu, tukapita Runyenjes, tukateremka Chuka. Wapigaji wa huko wanajulikana Kenya nzima kwa ngoma zao ndefu zinazobanwa mapajani, na mdundo wao hauko katika mkusanyiko wowote tuliouona ukiuzwa. Tulikutana na mzee mmoja wa kikundi, tukamweleza tunachotaka. Hatutaki wimbo, tunataka mapigo: ngoma tatu, kila moja kwa nguvu nne tofauti, na kila nguvu mara nne. Kwa nini mara nne? Kwa sababu pigo moja likirudiwa bila mabadiliko husikika kama cherehani. Mkono wa binadamu haupigi sawasawa mara mbili. Hayo ni mapigo 48. Yakiwa ya sekunde tatu kila moja, kwa ubora wa studio, hayafiki megabaiti 50. Wakati makusanyo ya ng'ambo yanakula makumi ya gigabaiti, haya yanaingia hata kwenye laptopu dhaifu.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Hiyo mashine ikishajua kupiga, mimi nitaitwa tena?"

Kijana alinyamaza. Mimi pia sikuwa na jibu la haraka. Tunazungumza juu ya bei ya programu kana kwamba ndiyo gharama yote, na kumbe gharama nyingine imekaa mbele yetu kwenye kigoda. Tumewahi kuona sauti zikiondoka. Mwaka 1950 Hugh Tracey alirekodi Wakipsigis katika Bonde la Ufa. Kanda zikahifadhiwa Afrika Kusini, na ilipita zaidi ya miaka 60 kabla ya nakala kurudishwa kwa wenyewe. Yule alihitaji gari na mitambo mizito. Leo simu na laptopu zinatosha, na anayechukua anaweza kuwa mtoto wa nyumbani.

Kenya ina sheria ya 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni. Inataka jamii iridhie kabla sanaa yake haijatumiwa kibiashara, na inazipa kaunti kazi ya kuweka rejista. Sheria ya hakimiliki nayo inamtambua mpigaji mwenyewe. Lakini chumbani Embu hakuna afisa wa kaunti. Kuna vijana na mzee tu, na wao ndio wanapaswa kupatana.

Walipatana kwa karatasi. Mzee na wenzake walilipwa siku hiyo. Mapigo yatatumika katika nyimbo za kijana, lakini hayatauzwa kama mkusanyiko bila ruhusa mpya na mgao. Jina la kikundi litatajwa kila wimbo utakapotoka. Na wimbo ukialikwa jukwaani, waitwe wao kwanza, sio laptopu. Sijui kama mwanasheria angeipitisha karatasi ile. Najua mzee aliisomewa kwa Kichuka, akauliza maswali mawili, akatia sahihi.

Narudi Pwani na deni. Vumi, chapuo na msondo ziko wapi katika laptopu za vijana wa Likoni na Malindi? Nzumari, chivoti na kayamba za Wamijikenda? Qanuni ya taarabu ina sauti zinazoangukia katikati ya vibonye vya kinanda cha Kizungu, na maprodyusa hulalamika kuwa kompyuta haiziwezi. Inaziweza. Faili ya SFZ hukuruhusu kupandisha au kushusha kila kibonye peke yake, hatua moja katika mia ya nusu-sauti. Kinachokosekana ni mtu wa kuketi na mpigaji jioni moja, amrekodi vizuri, amlipe.

Kijana wa Embu bado yumo ndani ya siku zake 60 za majaribio. Ananiambia ya leseni ataichanga. Juzi alinitumia mdundo wake wa kwanza kwa WhatsApp, na chini yake, kabla ya jina lake mwenyewe, ameandika jina la kikundi cha mzee.