Probox inayosifiwa siyo ile unayouziwa leo

Msee, ukitaka kujua ndai gani ni kazi na gani ni sifa tupu, ipeleke Msambweni hadi Bodo, pale unapoiacha upande boti ya kwenda Funzi. Jua likiwaka ni vumbi, mvua ikinyesha ni matope, na upepo wa chumvi haujali ulilipa ngapi.

Subaru Forester itapita, lakini kwa mafuta utalia. Demio ya dizeli, kama unazunguka tu Diani, wachana nayo: safari fupi fupi zinaziba chujio cha moshi, na kukibadilisha ni doo mob. Golf? DSG ikigoma huku, itavutwa hadi Mombasa. Angalau siku hizi kuna Dongo Kundu, haitapanga foleni ya feri Likoni.

Basi kila mtu anakushow uchukue Probox. Hapo ndio wasee wanachezwa. Ile iliyojenga jina, ya 2002 hadi 2014, ina giaboksi ya kawaida ambayo fundi wa Ukunda anaifungua bila stress. Kuanzia ile ya sura mpya ya 2014, ni CVT. Na kwa sheria ya miaka 8, mwaka huu wa 2026 huwezi leta gari iliyosajiliwa mara ya kwanza kabla ya 2019. Kwa hivyo ukiagiza Japani unapata CVT ama haibridi, na ushuru wa forodha wa 35% juu yake.

Mimi ningetafuta ile ya zamani humu humu nchini, nilale chini yake nicheki kutu. Kama ilikuwa inabeba samaki, hapana.