Daftari la Mbolea Limwandike Anayelima

Huko Genkuru, kama kwingineko Tarime na Serengeti, mkulima anayetaka mbolea ya ruzuku sharti kwanza jina lake liwe kwenye daftari la kijiji. Akiandikwa hupewa namba, na bila namba hakuna punguzo.

Tangu Rais Samia Suluhu Hassan azindue mpango huu wa ruzuku Mbeya, Agosti 8, 2022, mkulima hapewi fedha mkononi. Bei hupunguzwa dukani, kisha Serikali humlipa mfanyabiashara tofauti. Msimu wa kwanza zilitengwa Sh150 bilioni, na mfuko wa DAP wa kilo 50 uliokuwa umevuka Sh130,000 ukauzwa Sh70,000. Ni nafuu ya kweli, na hatuibezi.

Tunachohoji ni nani anaandikwa. Karani akifika kwenye mji, anayeitwa mara nyingi ni mwenye mji. Sasa, kwa Wakuria wa huku kila mke ana nyumba yake na kila nyumba ina shamba lake. Mji wa wake watatu ni mashamba matatu, yenye palizi tatu na maghala matatu. Namba ikiwa moja, nani apate mfuko na nani akose linabaki kuwa jambo la ndani, na anayekosa hana wa kumlalamikia, maana kwenye vitabu vya Serikali mji wake umeshapata. Ipo pia nyumba ntobhu, ambako mama ameoa mke na ndiye mwenye mji. Karani mgeni wa mila atapoteza asubuhi nzima akiuliza mume yuko wapi.

Tulishapita njia hii. Enzi za vocha za pembejeo, zilizoanza msimu wa 2008/09, kila kijiji kilikuwa na kamati ya kuteua wanufaika, nusu wanaume nusu wanawake. Kwenye karatasi ilipendeza. Watafiti waliozifuatilia vocha hizo mkoani Kilimanjaro walikuta asilimia 60 zimeishia kwenye kaya za viongozi wa kijiji waliochaguliwa. Leo kuna namba na simu mahali pa vocha, lakini jina bado linaandikwa na mtu, kijijini, na asiyeandikwa hajui wenzake waliandikwaje.

Kwa hiyo daftari lifuate shamba, si mji. Kila anayelima eneo lake aandikwe kwa jina lake, awe mke wa kwanza, wa tatu au mjane. Kisha orodha ibandikwe kwenye ofisi ya kijiji: jina, eka, mifuko. Namba za simu na za NIDA zibaki kwa mtendaji. Mkutano mkuu wa kijiji hukaa kila miezi mitatu. Orodha isomwe hapo, na mwenye pingamizi asimame.

Haya yafanyike kabla ya vuli. DAP huwekwa shimoni pamoja na mbegu. Ikifika mahindi yakiwa magotini, fedha ya umma imekwenda bure. Na maduka ya wakala yasogezwe, hata kupitia vyama vya ushirika (AMCOS), kwani mtu wa kijijini akishailipia bodaboda safari ya mjini, punguzo limeliwa njiani.

Halmashauri za Tarime na Serengeti hazihitaji bajeti mpya kuanza. Mikutano ya vijiji ipo kwenye ratiba, na madaftari yako kwenye makabati ya watendaji.