Akili ya Kiebrania Haiuzwi, Wasee

Ukifungua simu unakutana nayo: huwezi kuelewa Biblia mpaka uache kufikiria kama Mgiriki, uanze kufikiria kama Mwebrania. Anayesema hivyo amejifunika shali ya maombi ya Kiyahudi, pembe ya kondoo iko mezani, na chini ya video kuna namba ya kulipia darasa. Mgiriki, eti, hufikiria mawazo makavu yaliyosimama tu. Mwebrania hufikiria matendo, huona picha, kwake maisha yote ni kitu kimoja. Na wewe wa Kayole au Likoni, kwa sababu ulipitia shule ya mzungu, una akili ya Kigiriki bila kujua, kwa hivyo umesoma vibaya tangu utotoni. Lakini usijali. Kuna kozi.

Nasema hii maneno ni uongo, na si uongo mdogo. Kiebrania chenyewe ni mali, na nitafika hapo. Shida yangu ni ile dhana kwamba sarufi ya watu ndiyo jela ya akili yao. Ukiikubali kwa Waebrania, jua kwamba ilishawahi kuletwa mlangoni kwetu.

Tuanze na ile inayopigiwa makofi sana, picha za herufi. Alefu ilikuwa kichwa cha ng'ombe, kwa hivyo nguvu. Beti ilikuwa nyumba. Neno la Kiebrania la baba, "av", huandikwa kwa alefu na beti, basi baba ni nguvu ya nyumba! Kanisa linalipuka. Sasa skia. Herufi A unayoandika wewe imetokana na alefu hiyo hiyo, kupitia kwa Wafoinike, Wagiriki na Warumi. Ipindue kichwa chini utaona pembe. B nayo imetoka kwa beti. Kwa hesabu hiyo, neno letu "baba" ni nyumba, ng'ombe, nyumba, ng'ombe. Baba ni mwenye ploti anayefuga. Manabii walipokuwa wakiandika, herufi zilishakuwa alama za sauti tu, kama hizi zetu.

Ukimbana hapo atakimbilia mizizi. Atakwambia neno la Kiebrania la rehema, "rahamim", lina mzizi mmoja na "rehem", tumbo la uzazi, kwa hivyo kila Mwebrania aliposema rehema aliona tumbo la mama. Mzizi ni mmoja kweli. Lakini hata "rehema" yetu ina mzizi huo huo, ilitufikia kupitia Kiarabu. Wangapi kati yenu mna rafiki anaitwa Rehema, na ni lini mmemwita mkawaza uzazi? Nafsi ni dada ya "nefesh". Roho ni "ruakh". Damu ni "dam". Amini, imani na amani ziko kwenye ukoo mmoja na "amina". Kama mizizi ndiyo inabeba akili, basi sisi tumekuwa Waebrania bure, bila kulipa kozi ya mtu.

Angalia wiki yako. Jumatano maana yake ni siku ya tano. Kesho yake ni Alhamisi, ambayo kwa Kiarabu pia ni ya tano. Siku mbili za tano zinafuatana! Mtafiti wa miaka elfu mbili ijayo akitumia mbinu ya hawa walimu ataandika kitabu kwamba Waswahili hawakujua kuhesabu.

Hii dhana haikuanzia Nairobi. Mnorwe mmoja, Thorleif Boman, alitoa kitabu kwa Kijerumani mwaka 1952 akilinganisha fikra za Kiebrania na za Kigiriki, kikafasiriwa kwa Kiingereza mwaka 1960. Mengi unayosikia kwenye video ni Boman aliyechemshwa mara kumi. Mfano wake maarufu ni "dabar", ambayo ni neno na pia ni jambo au tendo. Akaona hapo siri ya roho nzima ya Kiebrania. Manze, mimi nimeandika "hii maneno" hapo juu nikimaanisha jambo, na ukiniomba samahani nitakujibu "si neno". Siri iko wapi?

Mwaka uliofuata, 1961, James Barr alijibu. Huyu hakuwa adui wa kanisa. Alikuwa mchungaji wa Kanisa la Skoti aliyewahi kuhudumu Tiberia, kule kwenye ziwa la Galilaya. Hoja yake ilikuwa rahisi na kali: maana inakaa kwenye sentensi, haikai kwenye mzizi wala kwenye historia ya neno. Huwezi kuchukua kila maana ambayo neno limewahi kuwa nayo ukazimwaga zote kwenye mstari mmoja. Na huwezi kuruka kutoka sarufi hadi saikolojia ya taifa zima. Hiyo ni zaidi ya miaka sitini iliyopita, na bado tunauziwa mzigo ule ule.

Sasa mambo yanayonikasirisha kweli. Karibu karne moja kabla ya Boman, mwaka 1855, Mfaransa Ernest Renan aliandika historia ya lugha za Kisemiti akadai kwamba Wasemiti, wakiwemo Waebrania, ni watu wa daraja la chini wakilinganishwa na Wazungu wenye lugha za Kihindi-Kiulaya. Kwamba hawana falsafa, hawana sayansi, ila dini tu. Unaona? Hakuna mawazo makavu, ni hisia na imani. Ni mchoro ule ule. Kwa Renan ulikuwa tusi, kwa mwalimu wa kozi umekuwa sifa, lakini bado ni kumwambia mtu kwamba lugha ya mama yake imemkatia kipimo cha kufikiri.

Na sisi tulipimwa hivyo hivyo, tena na mtu wetu aliyekuwa akitutetea. John Mbiti, Mkenya, kasisi wa Kianglikana, alitoa kitabu chake kikubwa kuhusu dini na falsafa za Kiafrika mwaka 1969. Aliwajibu waliosema Mwafrika hakuwa na dini, na kwa hilo namheshimu sana. Lakini alichukua nyakati za vitenzi za Kikamba na Kikuyu akahitimisha kwamba Mwafrika wa jadi ana Sasa na Zamani, na karibu hana wakati ujao: miezi michache, miaka miwili kwa wingi. Kwame Gyekye wa Ghana alimpinga kwa kutumia Kiakan. Mimi ningemuuliza tu kuhusu nyanya anayepanda mwembe ambao wajukuu ndio watakula. Ukiamini kwamba sarufi ndiyo akili, huna pa kusimama siku mtu akikwambia Waafrika hawapangi kesho kwa sababu lugha zao hazina kesho. Utamjibu nini, na juzi ulilipa kusikia kwamba Waebrania hawakuona wakati kama mstari? Fungua 1 Wafalme sura ya 6. Mwandishi anahesabu miaka 480 tangu kutoka Misri hadi Sulemani alipoanza kujenga hekalu. Ni mstari huo.

Halafu hao Wagiriki tunaoambiwa tuwaogope. Agano Jipya liliandikwa kwa Kigiriki. Karne ya tatu kabla ya Kristo, Wayahudi wa Aleksandria, hapa hapa Afrika, walianza kutafsiri Torati yao kwa Kigiriki, na Paulo akiwaandikia watu wake hutumia tafsiri hiyo mara nyingi. Filo wa Aleksandria alikuwa Myahudi aliyefanya falsafa kwa Kigiriki na akabaki Myahudi. Huo ukuta kati ya akili mbili, wenyewe hawakuujua.

Na Wayahudi wenyewe wako wapi kwenye hizi video? Pale University Way, karibu na chuo kikuu, kuna sinagogi. Lakini shali na pembe zimechukuliwa, wenye navyo hawajaulizwa. Wangeulizwa, wangefungua Talmudi, ambayo imejaa ubishi: shule ya Hileli inasema hivi, ya Shamai inakataa, na waliokuja baadaye bado wanabishana. Watu wenye akili moja ya Kiebrania hawangebishana hivyo kurasa na kurasa.

Kuna utafiti mzuri, na ndio unaniuma ukifunikwa na hii biashara. Yoram Hazony, kwenye kitabu chake cha 2012, anasema Biblia ya Kiebrania inajenga hoja kwa kutumia hadithi, kama Plato alivyotumia mazungumzo. Chukua Kaini mkulima na Habili mchungaji. Yeye anaona hapo mjadala kuhusu kutii utaratibu uliorithiwa dhidi ya kutafuta njia yako mwenyewe. Unaweza kumpinga, lakini anataja sura na mstari na anakuachia nafasi ya kubishana naye. Hakuombi ubadilishe ubongo kwanza.

Ukitaka Kiebrania, jifunze Kiebrania. Herufi ni 22. Kitabu cha Ruthu kina sura nne tu. Sura ya 2, Boazi anamwombea Ruthu baraka za Mungu ambaye amekuja kujificha chini ya mabawa yake. Sura ya 3, usiku, kwenye uwanja wa kupuria, Ruthu anamwambia Boazi atandaze upindo wa nguo yake juu yake, yaani amwoe. Kwa Kiswahili ni maneno mawili tofauti, bawa na nguo. Kwa Kiebrania ni neno moja, "kanaf". Msichana mgeni, mjane, hana kitu, anachukua neno la dua ya yule mzee na kumrudishia mkononi: uliniombea, sasa fanya wewe.