Dereva Hakuiba, Injini Ilikuwa na Baridi

Ndugu wanachama,

Katika toleo lililopita, hapa hapa ukutani, tuliuliza: "Petroli ya chama inakwenda wapi?" Hatukutaja jina, lakini chama kina pikapu moja na dereva mmoja, kwa hiyo kila aliyesoma alijua tunamsema nani. Leo tunasahihisha. Petroli haikuibwa. Iliungua yote ndani ya injini, bila faida.

Tueleze kisa chote, maana fedha ni zenu.

Tangu baridi ianze, pikapu ilikuwa inawaka asubuhi kwa shida. Ikiwaka inamisi, inatetemeka kama mtu mwenye homa, inatoa moshi mweusi. Choki ikirudishwa tu, inazima. Dereva akawa anaondoka na maziwa choki ikiwa imevutwa, mpaka karibu na kituo. Mchana jua likiwaka gari linakwenda vizuri, na waliolipanda mchana wakasema dereva anasingizia.

Basi kila mtu akawa fundi. Tukanunua plagi nne mpya. Wiki mbili baadaye hali ikarudi ile ile. Wengine wakasema ringi zimekwisha, injini ishushwe, na kamati ilikuwa karibu kupitisha fedha za mbolea kwa kazi hiyo. Wengine, na sisi tukiwamo, tukamgeukia dereva.

Fundi aliyekuja Jumamosi hakuuliza nani kaiba. Aliagiza gari lisiguswe tangu jioni, alikute baridi, kwa sababu ugonjwa wa asubuhi hutazamwa asubuhi. Kwanza akafungua plagi. Zote nne zilikuwa nyeusi kwa masizi makavu. Akasema ingekuwa nyeusi moja tu, angetafuta kosa kwenye silinda ile. Zingelowa oili, ndipo angeogopa ringi. Zote nne zikiwa na masizi makavu, petroli inazidi hewa. Akapima kompresheni, silinda zote zikawa karibu sawa. Ringi nzima!

Kisha akawasha, akashika mpira wa juu wa rejeta. Katika gari zima mpira huo hubaki baridi kwa dakika kadhaa, halafu unapata moto ghafla. Wetu ulianza kuwa vuguvugu tangu mwanzo, na robo saa baadaye ulikuwa bado vuguvugu. Akafungua kifuniko kwenye injini: kumbe ndani hamna temostati.

Temostati ni mlango mdogo. Injini ikiwa baridi unazuia maji yasiende kwenye rejeta. Injini ikipata moto unafunguka. Usipokuwapo, maji yanapozwa muda wote na injini inachelewa mno kupata moto. Petroli nayo kwenye injini baridi haigeuki mvuke vizuri, ndiyo sababu ya choki: inapunguza hewa ili petroli izidi. Lakini choki ni ya dakika chache. Ikivutwa safari nzima, petroli inakwisha ovyo, plagi zinashika masizi, na petroli nyingine inateremka kwenye oili. Kijiti cha kupimia oili tulikinusa wenyewe: petroli tupu. Oili ya namna hiyo inakuwa nyepesi na injini inalika. Tungeendelea hivyo, hizo ringi zingekwisha kweli.

Nani aliitoa? Gereji moja, wakati gari lilipokuwa linachemka mlimani. Tuliambiwa nchi za joto hazihitaji kitu hicho, tukakubali, tukalipa. Jamani, huku Njombe mwezi Julai umande unaganda kwenye majani, joto gani hilo! Na gari lilichemka kwa sababu rejeta iliziba. Dawa ilikuwa kuzibua rejeta, siyo kung'oa mlango.

Temostati mpya tuliipima jikoni kabla ya kuifunga. Imeandikwa nyuzi 82. Tuliining'iniza kwa uzi ndani ya sufuria ya maji, isiguse chini, tukakoleza moto. Huku juu maji huchemka kwenye nyuzi 93 hivi, lakini kwa kazi hiyo zinatosha: mlango ulifunguka kabla maji hayajachemka. Rejeta imezibuliwa, plagi zimesafishwa, oili imemwagwa na kuwekwa mpya. Sasa choki inarudishwa kabla gari halijafika darajani.

Tunaomba mambo mawili. Kwanza, kamati isilipie kifaa kipya kabla fundi hajaeleza amepima nini na ameona nini. Na kifaa kinachotolewa kwenye gari la chama kirudishwe ofisini na kuandikwa, ili tujue nini kipo na nini hakipo.

Pili, daftari la gari lisomwe. Tumelifungua juzi kwa mara ya kwanza. Dereva aliandika mara nne, kwa mkono wake: "Asubuhi inamisi, haishiki bila choki." Mara nne, na hapakuwa na sahihi ya kiongozi hata moja chini yake. Tulihesabu lita, hatukusoma maneno.

Ndugu dereva, tulikusema mbele ya watu, na radhi tunakuomba mbele ya watu, kwenye ubao ule ule. Ushirika ni kuaminiana, na safari hii tuliovunja ni sisi.