Kuvuma Kama Nyuki Si Ushetani

Kila nikiwaambia watu wajaribu pumzi ya nyuki, majibu ni mawili. Wa kwanza: "Hiyo ni dini ya Wahindi, utaingiliwa na mapepo." Wa pili: "Pumzi italipa kodi ya nyumba?" Leo najibu wote.

Tuanze na mapepo. Hiyo pumzi inaitwa Bhramari, kutoka kwa neno la Kisanskriti la nyuki, na imo katika Hatha Yoga Pradipika, kitabu cha India cha karne ya 15. Asili yake sifichi. Lakini cheki vile inafanywa: unakaa wima, unafunga mdomo bila kuuma meno, unavuta hewa polepole kwa pua, unaziba masikio kwa vidole, halafu unaitoa kwa pua ukivuma mmmm mpaka iishe yenyewe. Mara tano, sita hivi. Basi. Hakuna mungu ameitwa hapo.

Kinachotuliza ni kule kutoa pumzi polepole. Moyo huenda mbio kidogo ukivuta hewa, na hupunguza mwendo ukiitoa. Mtu mzima aliyepumzika hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Ukivuma unashuka chini ya hapo. Mwaka 2001, watafiti wakiongozwa na Luciano Bernardi wa Italia walipima watu wakisali rozari kwa Kilatini, kisha wakikariri mantra ya yoga. Zote mbili zilishusha pumzi hadi karibu mara 6 kwa dakika. Kwa hivyo yule shosho wa kiti cha mbele kanisani na rozari yake anatulizwa na pumzi ileile. Mbona yeye hatumwiti mshirikina?

Sasa kodi. Hapana, haitalipa. Mimi niliacha chuo kwa sababu ya karo, na hakuna kuvuma kungeleta hiyo pesa. Ndio maana siwapendi wale wanaouza pumzi kama dawa ya umaskini, ati ukikosa kazi shida ni vile unapumua. Uongo mtupu, wasee.

Lakini saa nane usiku, kifua kikigonga, deni halilipiki hata ukikesha. Tena hofu ndiyo hukufanya uchukue mkopo mwingine wa simu kulipa ule wa kwanza, na asubuhi unaamka na madeni mawili. Saa hiyo unahitaji mwili utulie ulale, ndio kesho uwe na akili ya kutafuta kazi ama kuongea na mwenye nyumba vizuri.

Ukisikia kizunguzungu, acha, pumua kawaida. Na kama hofu inakurudia kila siku, ama unawaza kujidhuru, muone daktari au mshauri. Hapo nyuki peke yake hatoshi.

Kwa wengine wetu, ni bure, na haimnyang'anyi mtu imani yake. Usiku wa leo, kabla hujabonyeza kukubali huo mkopo, vuma mara sita kwanza. Kisha uamue.