Mbio za Jumamosi Hazitaiokoa Mioyo Yetu

Kila mara viongozi wetu wanapozungumzia magonjwa ya moyo, fimbo humwangukia mgonjwa. Anakula vibaya. Hatembei. Anapenda chumvi, anapenda nyama choma, mboga hazimpendezi. Kiongozi husimama jukwaani akiwa na raba mpya na fulana yenye nembo ya mfadhili, huwasihi wananchi “wabadili mtindo wa maisha”, kisha hupanda gari lenye vioo vyeusi na kurudi ofisini, mwendo ambao angeutembea kwa robo saa kama ingekuwapo njia ya waenda kwa miguu. Hotuba hii imenichosha, na nadhani ni ya hatari.

Nikubali kwanza yanayopaswa kukubaliwa, maana sina ugomvi na sayansi. Utafiti wa INTERHEART, uliochapishwa mwaka 2004 ukihusisha nchi 52, za Afrika zikiwamo, ulionyesha kuwa mambo tisa yanayopimika yanaeleza takriban asilimia 90 ya hatari ya kupata shambulio la kwanza la moyo. Miongoni mwake ni sigara, shinikizo la damu, kisukari, kitambi, uchache wa matunda na mboga, na mwili usiofanyishwa kazi. Urithi wa ukoo upo, lakini sehemu kubwa ya ugonjwa huu inazuilika. Shirika la Afya Duniani linatutaka tusizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, ikihesabiwa pia ile iliyokwisha kutiwa ndani ya mkate na soseji. Hakuna daktari makini atakayelipinga hilo.

Ninalolipinga ni neno “chaguo”. Mtu huchagua pale penye vitu viwili mbele yake. Mtumishi wa kada ya chini anayeishi Mbagala au Chanika huamka saa kumi alfajiri ili awahi daladala, hushinda kwenye kiti hadi jioni, na hurejea nyumbani usiku. Mchana hula kinachopatikana karibu na ofisi kwa fedha aliyonayo. Mama lishe anayempikia naye hununua mafuta ya bei nafuu kuliko yote sokoni, tena kwa kupima. Mwambie mtu huyo atembee dakika thelathini kila siku: atatembea wapi? Kando ya barabara pamejaa magari yaliyoegeshwa, bodaboda na mitaro isiyofunikwa.

Nizungumze zaidi kuhusu mafuta, kwa sababu hapo ndipo siasa inapoonekana bila miwani. Sehemu kubwa ya mafuta ya kula nchini mwetu hutoka nje, na mengi ni ya mawese kutoka Malaysia na Indonesia. Karibu nusu ya mafuta ya mawese ni ya aina ile inayopandisha lehemu mbaya katika damu. Kwa alizeti, sehemu hiyo ni kama asilimia kumi tu. Alizeti tunailima wenyewe, Singida na Dodoma. Kila msimu wa bajeti ushuru wa mafuta ghafi ya mawese hujadiliwa kwa sauti kubwa: wakulima upande huu, wenye viwanda upande ule, na bei ya dumu katikati. Ni mjadala halali kabisa. Lakini sijapata kusikia mbunge akisimama na kuuliza mafuta hayo yatafanya nini ndani ya mishipa ya damu ya wapiga kura wake. Wizara ya Afya huhubiri juu ya mafuta mazuri na mabaya, huku bei ya mafuta hayo ikiamuliwa katika wizara nyingine ambako neno “moyo” halimo kwenye jedwali lolote. Mlaji anayechukua mafuta ya bei ya chini ametii amri iliyoandikwa kwa lugha ya ushuru.

Kuna mahali ambapo jambo hili lilishughulikiwa kwa namna nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, wanaume wa Karelia Kaskazini, jimbo la mashariki mwa Ufini, walikuwa wakifa kwa ugonjwa wa moyo kwa viwango vya juu mno duniani. Zingatia walikuwa watu gani: wakata magogo na wakulima wadogo, watu wa kazi za sulubu kwenye theluji. Hakuna ambaye angethubutu kuwaita wavivu. Walikula siagi kwa wingi, maziwa yenye malai, nyama na chumvi, walivuta sigara, na mboga waliziona kuwa chakula cha mifugo. Mwaka 1971 wawakilishi wao waliiandikia serikali kudai msaada, na mwaka 1972 mradi ukaanza chini ya daktari kijana, Pekka Puska.

Mikutano ya hadhara ilikuwapo, na akina mama wa vijijini walifundishana kupika upya. Lakini mradi haukuishia kwenye ushauri. Watengenezaji wa soseji walishawishiwa kupunguza mafuta na chumvi. Wafugaji wa ng’ombe wa maziwa walipolalamika kwamba siagi yao inapigwa vita, wakulima walisaidiwa kugeukia kilimo cha matunda madogo ya kwao yanayostahimili baridi. Mwaka 1976 sheria ya tumbaku ilipiga marufuku matangazo yake. Miaka ya 1990 vyakula vyenye chumvi nyingi vikalazimishwa kubeba onyo. Baada ya takriban miongo minne, vifo vya ugonjwa wa moyo miongoni mwa wanaume wa umri wa kufanya kazi katika jimbo lile vilikuwa vimepungua kwa zaidi ya asilimia 80. Watu walibadilika, naam, lakini duka, shamba na sheria vilibadilika pamoja nao.

Najua nitajibiwa kuwa Ufini ni tajiri. Basi tutazame Afrika Kusini. Mwaka 2011 iliweka kikomo kwa mafuta yaliyogandishwa kiwandani, yale yaitwayo mafuta ya transi. Mwaka 2013 ikapitisha kanuni za kiasi cha chumvi kwenye mkate na vyakula vya viwandani, zikaanza kutumika 2016. Mwaka 2018 ikaanza kutoza vinywaji kodi kwa kadiri ya sukari iliyomo. Sisi pia tunatoza ushuru wa soda, lakini kwa lita, kana kwamba hatari iko kwenye maji. Chupa moja ya mililita 350 hubeba sukari ya takriban gramu 35, karibu vijiko tisa vya chai. Nani kati yetu angekorogea kikombe kimoja vijiko tisa mbele za watu?

Wengine watasema serikali haina haki ya kuingia kwenye sahani ya raia. Imekwisha kuingia zamani. Ushuru wa mafuta ni mkono wake, na bei ya sukari vilevile. Hata dharau yetu kwa dona ina historia ya dola ndani yake: wengi tuliosoma shule za bweni tulilishwa ugali ule kwa miaka, wenye wadudu na usioiva, tukahitimu tukiapa kuwa ustaarabu ni sembe nyeupe. Nafaka yenye pumba ni rafiki wa moyo, nasi tulifundishwa kuiona kama adhabu.

Kuhusu tumbaku nitasema machache. Sheria yetu ya kuidhibiti ni ya mwaka 2003, na mkataba wa kimataifa tuliuridhia mwaka 2007. Hesabu tu ni maeneo mangapi ya umma uliyoingia wiki hii bila kukutana na moshi.

Mwezi Desemba 2016, Makamu wa Rais wa wakati huo, Mheshimiwa Samia Suluhu Hassan, alizindua kampeni ya kitaifa na kuagiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi. Ni agizo jema. Hata hivyo siku kumi na mbili kwa mwaka haziwezi kushindana na siku mia tatu hamsini na tatu za chipsi, soda na kukaa kitini. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete hupokea wagonjwa mwisho wa safari hiyo, na hakuna idadi ya madaktari bingwa itakayotosha ikiwa mwanzo wa safari umeachwa wazi.

Kwa hiyo, wewe mwanafunzi wa uchumi, andika tasnifu yako juu ya ushuru wa mawese na vifo vya moyo. Wewe mwanaharakati, idai njia ya waenda kwa miguu kama unavyodai katiba. Nawe mtumishi wa umma, anza na lililo mezani kwako: majuzi nilihudhuria warsha ya magonjwa yasiyoambukiza ambako chai ya saa nne ilikuwa sambusa, soseji, chapati na soda, yote kwa fedha za umma. Kuibadili orodha ile kuwa mihogo ya kuchemsha, karanga, matunda na maji hakuhitaji mfadhili wala kura ya Bunge. Kunahitaji waraka wa ukurasa mmoja kutoka kwa katibu mkuu.